Jinsi ya Kuchagua na Kusikiliza Matamasha ya Msimu Wenye Muziki wa Klasiki, Jazi na Mapokeo ya Dunia

Ratiba ya msimu wa matamasha huandikwa na watu ambao kazi yao ni kuuza tiketi, na kwa hiyo kila usiku ulioorodheshwa humo husifiwa kuwa ni usiku usiopaswa kukosa. Anayeisoma kwa mara ya kwanza hukuta okestra ya watu themanini, mpiga piano aliye peke yake, kundi la jazi la watu watatu, mpiga kora (ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi) na wapigaji wa gamelan (kundi la magongo na ala za shaba la Indonesia) wakiwa wamepangwa katika kurasa zinazofanana, kwa maneno ya sifa yanayofanana. Wengi hufanya lililo jepesi, yaani huchagua majina waliyokwisha kuyasikia. Njia hiyo haina ubaya mkubwa, ila jina la mwanamuziki halikuambii sikio lako litatakiwa kufanya kazi gani usiku huo, na hapo ndipo mtu anapotoka ukumbini akisema muziki ulikuwa mzuri lakini umemchosha. Maelekezo haya yanashikilia msimamo mmoja: msimu wa mchanganyiko humfaa yule anayebadilisha namna yake ya kusikiliza kila muziki unapobadilika, na uchaguzi wa tiketi, wa kiti na wa maandalizi ya nyumbani hauna budi kufuata jambo hilo.

Kuisoma ratiba

Katika ukurasa wa kila tamasha, ruka kwanza maneno ya sifa utafute mambo matatu: idadi ya wanamuziki watakaokuwa jukwaani, urefu wa onyesho, na kama sauti itapitia kwenye vipaza sauti au itatoka moja kwa moja kwenye ala. Okestra kamili ya simfoni huwa na watu kati ya 70 na 100, na sauti yake hujengwa kwa matabaka. Kwarteti ya nyuzi ni watu wanne tu, yaani violini mbili, viola na selo, na humo kila mmoja husikika waziwazi hata wanapopiga pamoja. Bendi kubwa ya jazi kwa kawaida huwa na watu 17: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, pamoja na piano, gitaa, besi na ngoma. Ukiona jina la kiongozi likifuatiwa na neno “trio”, tarajia mazungumzo ya watu watatu ambamo mpiga besi, anayezama katika bendi kubwa, anapata nafasi ya kusema sawa na mwenye piano.

Ukurasa wa muziki wa klasiki una heri moja, kwamba hutaja kila kipande kitakachopigwa. Namba zinazofuata majina ya vipande zisikutishe. “Op.” ni namba ya chapisho la mtunzi, “K.” mbele ya kazi za Mozart hutokana na orodha aliyoichapisha Ludwig von Köchel mwaka 1862, “BWV” ni orodha ya kazi za Bach, na “D.” ni ya kazi za Schubert. Zitakufaa unapotafuta rekodi ya kujiandaa, kwa kuwa mtunzi mmoja anaweza kuwa na sonata (kipande cha ala moja au mbili) tatu za ngazi moja ya sauti, na namba pekee ndiyo itakayokuhakikishia kwamba umeipata ile itakayopigwa. Chini ya jina la kipande kuna mistari ya maneno ya Kiitaliano yanayotaja mwendo: Allegro ni haraka na kwa uchangamfu, Adagio ni polepole, Presto ni mbio. Ihesabu mistari hiyo, kwa sababu ndiyo idadi ya sehemu za kipande. Simfoni nyingi zina sehemu nne na konsato nyingi, yaani vipande vya ala moja pamoja na okestra, zina tatu, lakini simfoni ambayo Schubert aliianza mwaka 1822 hupigwa sehemu mbili tu kwa kuwa hakuimaliza. Likiwapo neno “attacca”, sehemu inayofuata huanza bila kituo; ndivyo inavyokuwa katika Simfoni Na. 5 ya Beethoven, ambayo sehemu yake ya tatu inaingia moja kwa moja katika ya nne, na anayehesabu vituo kwa masikio peke yake hujikuta ameachwa nyuma.

Ukurasa wa jazi kwa kawaida hautaji vipande, na kutotajwa huko si uzembe wa mhariri. Kiongozi wa kundi huenda akaamua mpangilio saa moja kabla ya onyesho, na pengine akaubadilisha akiwa jukwaani baada ya kuonja hali ya ukumbi. Linalofaa kutazamwa hapo ni nani anapiga nini, na kama wapigaji hao wamezoeana au wamekutanishwa kwa usiku mmoja, maana kundi lililokaa pamoja miaka mingi husikilizana kwa namna ambayo watu waliokutana asubuhi hiyo hawawezi.

Kuhusu kile kinachoitwa “muziki wa dunia”, jina lenyewe lisikuongoze. Lilikubaliwa na wenye kampuni ndogo za kurekodi waliokutana London mwaka 1987, wakitafuta kichwa kimoja cha kuwekwa kwenye rafu za maduka ya santuri, na halielezi chochote kuhusu sauti. Raga ya Kaskazini mwa India (mpangilio wa noti ambao mpigaji hubuni juu yake), mbira ya Washona wa Zimbabwe (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole), flamenko ya Hispania, kora na taarabu ya Unguja havina cha kuviunganisha isipokuwa rafu hiyo. Kwa hiyo, kila ukiona kichwa hicho, uliza ni mapokeo gani hasa, yanapigwa kwa ala zipi, na kwa asili hupigwa wapi: kwenye harusi, ibada, jumba la mfalme au barazani. Jibu la swali la mwisho ndilo litakalokuonyesha jinsi ya kukaa na kusikiliza.

Kupanga msimu wako

Kwa maoni yangu, matamasha matano au sita yaliyosikilizwa sawasawa yana faida kuliko kumi na mawili yaliyohudhuriwa kwa haraka ya kutoka kazini. Miongoni mwa hayo matano, chagua moja la sauti kubwa, moja la watu wachache sana, moja la jazi, na mawili ya mapokeo usiyoyajua. Usiku usioujua ndio unaopaswa kulindwa zaidi, kwa kuwa ndio wa kwanza kuachwa mvua inaponyesha au kazi inapozidi. Usiweke vitu viwili virefu katika wiki moja: Simfoni Na. 9 ya Beethoven huchukua takriban dakika 70, mara nyingi bila mapumziko, na raga moja inaweza kufika saa nzima. Sikio lililojaa Jumanne halitakuwa tupu Alhamisi.

Baada ya kuzingatia ukubwa na urefu, tafuta matamasha yanayoangaziana. Hapa ndipo msimu wa mchanganyiko unapopata maana, na ratiba nyingi hazikuonyeshi uhusiano huo kwa sababu kila aina ya muziki imewekwa katika sura yake. Mtunzi Mfaransa Claude Debussy aliwasikia wapigaji wa gamelan kutoka Java katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889, na tangu hapo hakuacha kuwastaajabia; msimu ukiwa na piano ya Debussy na gamelan, chukua vyote viwili, uanze na gamelan. Mtunzi wa Hungaria Béla Bartók alizunguka vijijini na mashine ya kurekodia kuanzia muongo wa kwanza wa karne ya 20, akikusanya nyimbo za wakulima wa Hungaria, Romania na Slovakia, na kwarteti zake hueleweka upesi zaidi kwa aliyewahi kusikia fidla za vijijini za eneo hilo. Mtunzi wa Marekani Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na kipande kirefu cha ngoma alichokitunga mara baada ya hapo, “Drumming”, ni mwenza mzuri wa tamasha la ngoma za Afrika Magharibi. Antonín Dvořák, alipokuwa New York, alisikiliza nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi zikiimbwa na mwanafunzi Harry Burleigh, na Simfoni yake Na. 9, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1893, haiko mbali na shina ambalo jazi ilichipua kwalo. Anayependa daraja la wazi kati ya klasiki na jazi amtafute George Gershwin, ambaye kipande chake cha piano na bendi, “Rhapsody in Blue”, kilitolewa hadharani tarehe 12 Februari 1924.

Jozi mbili za namna hiyo katika msimu zinatosha. Zikizidi, mtu huanza kusikiliza historia badala ya muziki.

Kiti na ukumbi

Kiti ghali si lazima kiwe kiti kizuri. Kwa okestra kubwa, safu za mbele kabisa hukufanya usikie violini zilizo karibu nawe na kupoteza tarumbeta zinazopita juu ya kichwa chako, ilhali roshani ya katikati, ambayo mara nyingi bei yake ni ndogo, hukupa sauti iliyokwisha kuungana. Kwa kwarteti au mpiga udi, sogea mbele kadiri unavyoweza, maana mkwaruzo wa upinde na pumzi ya mpigaji ni sehemu ya muziki. Mpiga piano huketi ubavu wake wa kulia ukiwaelekea watazamaji, na kinanda chake huwa upande wa kushoto wa ukumbi kwa anayelitazama jukwaa; kwa hiyo, anayetaka kuona mikono akae kushoto, na anayejali sauti tu akae katikati au kulia, ambako kifuniko cha piano huielekeza. Baadhi ya kumbi, kama ule wa Philharmonie wa Berlin uliofunguliwa mwaka 1963, huwaketisha watu hata nyuma ya okestra. Viti hivyo ni vya thamani kwa anayetaka kuuona uso wa mwongozaji, lakini viepuke usiku wa waimbaji, kwa sababu sauti ya mtu huenda anakoelekea.

Penye vipaza sauti kanuni hubadilika. Tafuta ilipo meza ya fundi mitambo ukae karibu nayo au mbele yake kidogo. Fundi hurekebisha sauti kwa kile anachokisikia pale alipoketi, na aliye karibu naye hupata kilekile alichokikusudia.

Ukumbi nao una tabia yake. Ule wa simfoni wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulikuwa wa kwanza kusanifiwa kwa hesabu za sauti, kazi ya mwanafizikia Wallace Sabine, na mvumo wake hudumu karibu sekunde mbili ukiwa umejaa watu. Muda huo huifaa sana okestra, kwa kuwa noti moja huivuta nyingine, lakini huharibu ngoma za jazi, ambazo kila pigo lake linataka kukatika kabla lingine halijaja. Kundi la jazi lenye mpiga ngoma mwenye nguvu likiwekwa katika ukumbi mkubwa wa simfoni, mimi hungoja lije katika chumba kidogo.

Maandalizi ya nyumbani

Kusikiliza ratiba yote kabla ya kwenda ni kupoteza ladha. Chagua kipande kimoja, kile kirefu au kigumu zaidi, ukisikilize mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kufanya kazi nyingine, kisha siku nyingine urudie ile sehemu iliyokushinda, halafu ukiache kwa siku kadhaa. Lengo ni kwamba lahani kuu itakaporudi ukumbini uitambue kama unavyomtambua mtu mliyeonana mara moja, pasipo kuimba pamoja nayo kichwani.

Kwa jazi, rekodi ya kundi utakalolisikia haitakusaidia sana, kwa sababu halitarudia lilichokirekodi. Jifunze nyimbo zenyewe. Wanajazi wana hazina ya nyimbo za zamani zinazojulikana na wote, na kundi likipiga mmojawapo, nusu ya starehe ni kuona lilivyougeuza. Chukua nyimbo tatu au nne kati ya hizo, uzisikilize kwanza zikiimbwa kwa maneno yake na mwimbaji asiyezipamba sana, mpaka uweze kuzipiga mluzi. Mwenye nyimbo hizo kichwani husikia mara mbili: kinachopigwa, na kilichoachwa.

Kwa mapokeo mengine, acha lahani ujifunze mzunguko. Raga nyingi hupigwa kwa mzunguko wa mapigo 16 uitwao tintal, uliogawanyika katika mafungu manne ya mapigo manne, na unaweza kuujua kwa mikono mitupu ndani ya robo saa. Piga kofi kwenye pigo la 1, hesabu kwa vidole hadi 4. Piga kofi kwenye la 5, hesabu hadi 8. Kwenye pigo la 9 usipige kofi bali ugeuze kiganja juu hewani, kwa kuwa fungu hilo huhesabiwa kuwa tupu. Kisha piga kofi kwenye la 13, umalizie 16, na urudi mwanzo. Pigo la kwanza huitwa sam. Mpigaji wa sitar, ala ya nyuzi, na mpigaji wa tabla, ngoma mbili ndogo, wanaweza kuachana mbali kiasi cha kukutia wasiwasi, lakini watakutana kwenye sam, na aliyezoea kuhesabu hungoja makutano hayo kwa hamu ambayo asiyehesabu haijui.

Ndani ya ukumbi

Okestra huanza kwa kulinganisha ala, na dakika hiyo usiipoteze kwa kusoma simu. Mpiga oboe hutoa noti ya A, ambayo kipimo chake cha kimataifa ni mitetemo 440 kwa sekunde, na wengine humfuata. Pale utasikia kundi moja baada ya jingine, jambo litakalokusaidia baadaye kujua sauti inatoka wapi. Anayeanza kabisa na asiyejua kutofautisha ala atafute usiku ambao kuna “Boléro”, kile kipande cha Ravel cha mwaka 1928 ambamo ngoma ndogo hurudia mdundo uleule kwa takriban robo saa, huku lahani ikipita kwa filimbi, kisha klarineti, na baadaye saksafoni na tromboni, kila ala ikipewa zamu ya kujitambulisha. Sijui darasa la okestra lililo fupi kuliko hilo.

Katika sehemu ya kwanza ya simfoni za wakati wa Haydn, Mozart na Beethoven, mtunzi kwa kawaida huweka mawazo mawili yanayopingana, huyavuruga katikati kwa kuyakatakata na kuyahamisha ngazi, kisha huyarejesha. Kazi yako ni kulishika lile la kwanza, hata noti zake nne tu, na kutambua linaporudi. Mawazo yakitangatanga, na yatatangatanga, usijilaumu. Shuka kwenye sauti za chini, yaani selo na besi, uzifuate kwa dakika moja, nazo zitakurudisha. Katika kwarteti, usimtazame sana mpiga violini wa kwanza, ambaye macho ya wote yako kwake. Mtazame mpiga viola, ambaye macho ya wengi humpita.

Kuna mambo ambayo rekodi haiwezi kukupa. Mwishoni mwa Simfoni Na. 45 ya Haydn, ya mwaka 1772, wapigaji huondoka jukwaani mmoja baada ya mwingine mpaka wabaki wawili wenye violini. Ilikuwa njia ya kumkumbusha bwana wao, Prinsi Nikolaus Esterházy, kwamba watumishi wake walitamani kurudi kwa familia zao. Katika santuri husikika sauti ikipungua tu. Msimu ukiwa na kazi kama hiyo, ipe nafasi mbele ya simfoni maarufu zaidi ambayo utaisikia tena mwakani.

Kundi la jazi kwa kawaida hupiga wimbo wote mara moja, kisha kila mmoja hupewa zamu ya kubuni papo kwa papo juu ya mpangilio uleule wa sauti za chini, na mwishoni wimbo hurudi. Kosa la wengi ni kuudhani ubunifu huo kuwa ni uhuru usio na mipaka. Nyimbo nyingi zina mizani 32 (mizani moja kwa kawaida ni mapigo manne), iliyogawanyika katika mafungu manne ya mizani minane: la kwanza, la pili linalorudia la kwanza, la tatu lenye lahani tofauti, na la nne linalorudi kwenye la kwanza. Blues nayo ina mizani 12. Hesabu polepole wakati wimbo unatolewa, endelea kuhesabu wakati wa zamu ya saksafoni, nawe utaona kwamba anapofika fungu la tatu kila kitu chini yake kinabadilika naye anabadilika pia. Baadaye utasikia mpiga ngoma akipokezana na wengine kwa mizani minne minne. Hapo wimbo wote unaendelea kimyakimya vichwani mwao, na ndiyo maana wanarudi pamoja bila kuoneshana ishara. Hali ya usiku huo nayo huingia ndani ya muziki. Mpiga piano Keith Jarrett alipopiga peke yake mjini Cologne tarehe 24 Januari 1975, piano aliyoikuta haikuwa ile aliyoiomba. Ilikuwa ndogo na dhaifu, na sauti zake za juu zilikuwa nyembamba, hivyo alikaa zaidi katikati ya kinanda na kukariri midundo kwa mkono wa kushoto, na rekodi yake ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana katika jazi.

Tamasha la raga huanza bila ngoma. Mpigaji hutembea polepole juu ya mvumo usiokatika wa tambura, ala ya nyuzi, akiitoa noti moja moja, na huenda ikapita nusu saa kabla tabla haijagusa. Asiyejua hudhani ni utangulizi na hungoja muziki uanze, kumbe umeshaanza. Katika tamasha la hisani la New York la tarehe 1 Agosti 1971, watazamaji walimpigia makofi mpiga sitar Ravi Shankar na wenzake walipokuwa bado wanalinganisha ala, naye akawajibu kwa utani kwamba ikiwa wamependa kulinganisha kiasi hicho, basi anatumaini watafurahia zaidi upigaji. Katika kusikiliza alap, jina la sehemu hiyo ya mwanzo, tafuta noti ipi inacheleweshwa. Mpigaji mzuri huizunguka noti moja kwa muda mrefu kabla ya kuifikia.

Gamelan isikilizwe kutoka chini kwenda juu. Gongo kubwa hulia mara chache, na kila mlio wake hufunga mzunguko. Ala zilizo juu yake hupiga mara mbili zaidi, zilizo juu ya hizo mara mbili tena, mpaka zile nyembamba zinazokimbia. Kwa kuwa kila seti ya gamelan hulinganishwa peke yake, sauti inayokuwa “nje” kwa sikio lililozoea piano haijakosewa. Vivyo hivyo kwa mbira: mlio wa kuwasha unaofanana na kipaza sauti kibovu hutoka kwenye makome au vifuniko vya chupa vilivyofungwa kwa makusudi kwenye ala. Wakiwapo wapigaji wawili, mmoja hushika sehemu inayoongoza iitwayo kushaura na mwingine hupenyeza yake, kutsinhira, katika mapengo, na lahani utakayoisikia zaidi huenda isiwe inapigwa na yeyote kati yao. Huzaliwa pale mikono minne inapopishana.

Adabu za kila muziki

Katika tamasha la klasiki watu husubiri sehemu zote ziishe ndipo wapige makofi. Desturi hii si ya kale sana: mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris, akifurahi kwamba watazamaji walishangilia katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake, mahali alipokuwa amejua watapendezwa. Hata hivyo, leo ifuate, na ukiwa na shaka ngoja mwongozaji ashushe mikono na kuwageukia watu. Mtego unaojulikana ni Simfoni Na. 6 ya Tchaikovsky ya mwaka 1893, ambayo sehemu yake ya tatu inamalizika kwa kishindo cha ushindi na kuwafanya wengi washangilie, kumbe sehemu ya nne, ya huzuni na inayofifia, bado. Kikohozi nacho kina mahali pake, nacho ni kati ya sehemu. Simu zizimwe kabisa, kwa sababu hata mwanga wake huwavuruga walio nyuma yako.

Katika jazi, mpigaji akimaliza zamu yake hupigiwa makofi ingawa muziki unaendelea, lakini zamu ya besi huhitaji ukimya, kwa kuwa sauti yake ni ndogo. Flamenko hupokea sauti za kutia moyo kutoka kwa wanaojua mahali pa kuzitoa. Fado, nyimbo za huzuni za Lisbon, hutaka ukumbi unyamaze. Katika utamaduni wa nyimbo za Kiarabu, msikilizaji anayekaa kimya baada ya kipande kilichoimbwa vizuri humnyima mwimbaji chakula chake. Mwimbaji wa Misri Umm Kulthum alikuwa akirudia mstari mmoja tena na tena kwa sababu ukumbi ulimwomba, na wimbo mmoja ukachukua saa nzima au zaidi. Taarabu ina kutunza, ambapo mtu husimama, hucheza hadi jukwaani na kumpa mwimbaji fedha kwa sababu ubeti fulani umemgusa. Mapokeo haya yote yanapoletwa katika ukumbi wa viti vilivyopangwa, watazamaji wengi hukaa kama wako kwenye simfoni na wanamuziki hupoa. Watazame walio safu za mbele wanaoelekea kuijua lugha ya nyimbo, ufanye wanavyofanya.

Mapumziko yakifika, toka nje ya chumba hata kama huhitaji kinywaji, kwa kuwa sikio hutulia mwili unapotembea. Nusu ya pili ikikushinda, kuondoka wakati huo hakumvunjii mtu heshima. Kuondoka katikati ya kipande ndiko kunakovunja.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, andika mistari mitatu: kipande kilichokushika, mahali ulipopotea, na ulikokaa. Usiandike kama ulipenda au hukupenda, maana hilo hubadilika baada ya wiki. Ratiba ya msimu ujao itakapotoka, soma mistari hiyo kwanza. Mahali ulipopotea ndipo pa kununulia tiketi ya mwanzo, na nafasi za kwarteti na za vyumba vidogo vya jazi uzishike mapema kuliko za okestra, kwa sababu viti vyake ni vichache na havirudi sokoni.